Mtoto Asiyetulia: Msogeze Karibu

Somo kwa wazazi, walezi na walimu wa chekechea

Somo letu la mwezi huu linahusu watoto wadogo wasiotulia darasani. Kila mmoja wetu anamjua mtoto wa namna hiyo. Wenzake wanaimba, yeye yuko chini ya benchi. Wenzake wanachora, yeye ameshachana karatasi na sasa anavuta nywele za jirani yake. Ukimwita jina hageuki. Ukimwambia akae, anakaa kama mtu aliyekalia siafu. Majirani husema ni mtundu, bibi husema amerithi kwa babu yake, na wengine hunong'ona kwamba kuna kitu kimemwingia.

Kabla sijafundisha lolote, nina jambo la kukiri. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mtoto kama huyo katika darasa langu la chekechea hapa Nakivale. Alikuwa na miaka mitano. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sitini, na mwalimu ni mimi peke yangu. Mwanzoni nilimhamishia nyuma ili asisumbue wengine. Aliposumbua hata nyuma, nikamketisha mlangoni. Siku moja nikamtoa nje kabisa, nikaendelea na nyimbo, nikamsahau.

Saa ya uji hakuwepo. Tulimtafuta mpaka mchana. Alikutwa peke yake katikati ya barabara ya vumbi, mahali magari makubwa yanapopita, na dereva mmoja alikuwa amelazimika kufunga breki ghafla. Mama yake alikuwa ameenda kulima kibarua katika shamba la watu. Alikuja mbio bila viatu. Hakunitukana. Alimbeba mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akaniuliza, "Mwalimu, kama hata ninyi mmemchoka, nimpeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nilihesabu mambo niliyomfanyia mtoto yule muhula ule. Yote yalikuwa ya namna moja: kumsogeza mbali. Nyuma, mlangoni, nje. Na kila nilipomsogeza mbali, alisikia kidogo zaidi na kusumbua zaidi. Ndipo nikaanza kuwauliza walimu wazoefu na wahudumu wa afya, na kusoma. Nitakayoandika hapa ndiyo niliyojifunza. Neno lake kuu ni hili: mtoto asiyetulia, kwanza msogeze karibu, kisha tafuta sababu.

1. MTOTO MDOGO AMEUMBWA ATEMBEE

Tusianze kwa kutafuta ugonjwa. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hajifunzi kwa kukaa kimya. Anajifunza kwa mikono, miguu na mdomo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kuchezesha mwili dakika 180 au zaidi kila siku, na kati ya hizo angalau dakika 60 ziwe za kukimbia na kuruka kwa nguvu. Anahitaji pia kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana.

Hata walioanzisha shule za watoto wadogo walilijua hilo. Mjerumani Friedrich Fröbel alianzisha shule yake katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, na baadaye akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Watoto walicheza, waliimba na kutunza vijibustani. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Hakuwafunga kwenye madawati. Aliwapa kazi za mikono kama kumimina maji, kufuta meza na kufunga vifungo, na aliwafundisha utulivu kwa kuwatembeza polepole juu ya mstari uliochorwa sakafuni.

Kwa hiyo mwalimu ajiulize: je, ni mtoto mmoja asiyetulia, au ni darasa zima? Kama darasa zima linapiga kelele baada ya nusu saa ya kukariri herufi, mwenye kosa ni ratiba.

Tuangalie na umri. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, watafiti walichunguza kumbukumbu za watoto zaidi ya laki tisa wa shule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Huko mwaka wa shule hugawanywa kufuata mwezi wa kuzaliwa, hivyo waliozaliwa Desemba ndio wadogo kuliko wote darasani. Wavulana wa Desemba walikuwa wameandikiwa ugonjwa wa kutotulia kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari. Huenda baadhi yao hawakuwa wagonjwa. Huenda walikuwa wadogo tu, wakipimwa kwa kipimo cha wakubwa. Sasa fikiri hapa kwetu, ambapo mtoto wa miaka mitatu na wa miaka saba huketi mkeka mmoja, na wengine tarehe zao za kuzaliwa zilipotea njiani pamoja na vyeti. Kabla ya kusema mtoto hatulii, uliza: ana miaka mingapi hasa?

2. TAFUTA SABABU KABLA YA FIMBO

Kama mtoto huyu hatulii kuliko wenzake wa umri wake, kuna sababu. Zifuatazo ndizo ninazoziona mara nyingi.

Njaa. Tangu posho ilipopunguzwa, watoto wengi huja asubuhi bila kitu tumboni. Mtoto mwenye njaa hasemi, "Nina njaa." Analia ovyo, anagombana, au analala. Ukiona anatulia kila siku baada ya uji, umeshapata sehemu ya jibu.

Usingizi. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, lakini mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume: anakuwa kama amewashwa moto. Uliza analala saa ngapi, na watu wangapi, kama kuna kelele za redio au simu, kama mvua inavuja kitandani.

Damu kidogo, minyoo na malaria. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na akili yake hutangatanga. Angalia viganja na ndani ya kope za chini. Zikiwa nyeupe, mpeleke kituo cha afya akapimwe.

Masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri hageuki ukimwita, huongea kwa sauti kubwa, hukutazama mdomo, na akichoka kusikiliza huanza mchezo wake. Sikio linalotoa usaha linaweza kupunguza usikivu. Usitie mafuta wala maji ya majani sikioni. Mpeleke atibiwe. Unaweza kumjaribu hivi: simama nyuma yake hatua mbili, sema polepole jina la kitu anachokijua, kama "kikombe" au "ndizi", umwombe arudie. Asiporudia mara kadhaa, mwambie mhudumu wa afya.

Kifafa cha kimya. Hiki wengi hawakijui. Mtoto hakosi nguvu wala haanguki. Anakodoa macho kwa sekunde chache, hajibu, pengine kope zinapepesa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Inaweza kumpata mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu hudhani anaota mchana. Huu ni ugonjwa wenye dawa, na kiboko hakiwezi kuuponya.

Lugha. Hapa Nakivale mtoto anaweza kusikia Kinyabwisha nyumbani, Kiswahili kanisani, Kinyankole sokoni na Kiingereza darasani. Akiambiwa jambo asilolielewa, atatazama wenzake wanafanya nini. Akichoka kuwatazama, atacheza. Mwambie jambo lile lile kwa lugha ya mama yake uone. Kama anatulia, hapo umakini wake ni mzima. Alikuwa haelewi tu.

Hofu. Baadhi ya watoto wetu waliona mambo ambayo hata sisi wakubwa hatuyasimulii. Familia nyingi zilikimbia tena mwaka 2025 baada ya Goma na Bukavu kutekwa. Mtoto aliyepita katika milio ya bunduki hukaa macho hata mahali pa amani. Bati likigongwa anaruka. Mtu asiyemjua akipita mlangoni, macho yake yanamfuata mpaka apotee. Akili yake inalinda zamu, haina nafasi ya herufi. Na mtoto aliyezaliwa hapa hapa makazini naye husoma hofu katika uso wa mama na sauti ya baba.

3. WENGINE NI NAMNA YA UBONGO WAO

Baada ya kuangalia hayo yote, watabaki watoto wachache ambao wameshiba, wanasikia, wanalala, na bado hawawezi kutulia. Madaktari wana jina la hali hiyo, na kwa kifupi huitwa ADHD. Si jambo la kuzuliwa juzi. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili nzuri walioshindwa kujizuia. Watafiti wa leo wanakadiria kuwa ipo kwa watoto watano hivi katika kila mia moja, nchi za matajiri na za maskini. Mara nyingi hurithiwa ndani ya ukoo. Haiji kwa sababu mama hajui kulea.

Tusikimbilie kumpa mtoto jina hilo. Mtaalamu huangalia mambo haya: dalili zimedumu miezi sita au zaidi, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano shuleni na nyumbani, zimezidi umri wake, na zinamzuia kujifunza au kuishi na wenzake. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, au aliyeanza wiki ile baba alipoondoka, ana habari nyingine ya kutuambia.

Na hata akiwa nayo, kwa mtoto wa miaka minne na mitano dawa si hatua ya kwanza. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kinasema kwa umri huo tuanze na kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza mtoto, pamoja na msaada wa darasani. Hilo ni jambo la kututia moyo sisi tulio mbali na hospitali kubwa. Sehemu kubwa ya msaada unaotakiwa kwanza iko mikononi mwetu.

4. DARASANI TUFANYE NINI?

Kwanza, mahali pa kukaa. Mkalishe mbele, mkono wako unapofika, mbali na mlango na dirisha, kati ya watoto wawili watulivu. Usiwaweke wasiotulia wawili pamoja.

Pili, mwite kabla ya kumwagiza. Mkaribie, mguse bega, inama mpaka macho yenu yalingane, taja jina lake, kisha sema jambo moja. "Weka kikombe." Akishaweka, "Sasa kaa mkekani." Ukimwambia kutoka mbali, "Weka kikombe, nawa mikono, kaa, na uache kusukuma," atakumbuka la mwisho tu, na hilo pengine atalisikia kama "sukuma".

Tatu, kazi fupi. Panga kazi za dakika kumi hivi. Baada ya kukaa, waruke. Baada ya kuruka, hadithi. Utaratibu wa asubuhi ufanane kila siku. Uchore kwa picha kwenye kipande cha boksi na kukitundika ukutani: duara, wimbo, herufi, uji, mchezo, hadithi. Mtoto ambaye maisha yake yamehamahama hutulia akijua kinachofuata.

Nne, mpe kazi ya heshima. Agawe vikombe, akusanye vifuniko vya chupa tunavyohesabia, afute ubao, apige kengele. Mwili unaotaka kutembea umepata ruhusa ya kutembea.

Tano, mpe kitu cha kushika. Wakati wa hadithi ashike mpira mdogo wa matambara au kamba ya mgomba. Wako watoto ambao masikio husikia vizuri mikono ikiwa na kazi.

Sita, msifu mapema na kwa jambo lenyewe. Usingoje akosee. Akikaa hata dakika mbili, mwambie, "Umekaa vizuri, umesikiliza hadithi." Neno "vizuri" peke yake halimwambii afanye nini tena.

Saba, mkeka wa kutulia. Weka kona yenye mkeka karibu na mwalimu. Mtoto akichemka, aende hapo na mtu mzima akae naye, wapumue pamoja taratibu kama wanaopuliza uji wa moto. Isiwe jela. Aweze kwenda hata kwa kuomba mwenyewe.

Utasema, "Mwalimu, watoto ni sitini, nitamwinamia nani?" Nakubali. Ndiyo sababu sisi tulianza zamu za akina mama. Kila siku mama au bibi mmoja, na wakati mwingine baba, huja kusaidia kwa saa mbili. Hahitaji kujua kusoma. Anahitaji kukaa karibu na wale wawili au watatu wanaohitaji mtu.

5. NYUMBANI TUFANYE NINI?

Usingizi uwe wa kwanza. Alale saa ile ile kila siku, na simu izimwe mapema. Mama awe na njia moja ya kumlaza: kunawa miguu, sala, wimbo, kimya.

Asubuhi apate kitu tumboni, hata kama ni kiazi kilichobaki jana. Kama hakuna kabisa, mwambie mwalimu bila aibu. Afadhali tujue kuliko tumkemee mtoto kwa ajili ya njaa.

Kanuni ziwe chache. Tatu zinatosha: hatupigi watu, hatuendi barabarani peke yetu, tukiitwa tunaitika. Baba na mama wakubaliane. Mtoto akiruhusiwa na huyu alichokatazwa na yule, atajaribu kila kitu.

Mcheze mchezo wa ngoma. Mtu mmoja apige jerikani, watoto wacheze. Mlio ukikoma, wote wasimame kama miti. Huu ni mchezo, lakini ndani yake mtoto anajifunza kuuambia mwili wake "ngoja". Uwezo huo huo ndio tunaomtaka autumie darasani.

Mpe dakika kumi zako kila siku. Dakika hizo usimwagize, usimfundishe, usimkosoe. Kaa chini, umfuate anachocheza. Mtoto ambaye siku nzima husikia "acha" na "kaa" anahitaji dakika kumi za kuona kwamba tunapenda kuwa naye.

Na wewe mzazi, jiangalie. Wengi wetu tumebeba misiba ambayo hatukupata hata nafasi ya kuizika. Mama asiyelala kwa mawazo hana subira saa kumi na mbili asubuhi. Zungumza na mtu unayemwamini, au na mhudumu wa afya. Kukusaidia wewe ni kumsaidia mtoto.

6. KUHUSU KIBOKO NA KUHUSU MAOMBI

Wengine watasema sisi tulipigwa na tukanyooka. Hapa Uganda, Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Lakini hata bila sheria, tufikiri. Mtoto aliyepigwa hutulia kwa muda, macho yake yakiifuata fimbo. Mtu anayeitazama fimbo haitazami herufi. Na kwa mtoto aliyekuja na hofu tayari, tunaongeza kile kile kinachomsumbua.

Kuhusu maombi, nasema kwa heshima kwa kuwa naandika kwa watu wa kanisa. Kumwombea mtoto ni jambo jema, nami huwaombea wanangu kila siku. Lakini kumfungisha mtoto mdogo chakula, kumtikisa, kumfungia ndani, au kumwambia mbele ya watu kwamba ana pepo kwa kuwa hatulii, huko ni kumwumiza. Jina analopewa mtoto mbele ya watu hukaa naye muda mrefu. Tuombe, na kesho yake asubuhi twende kituo cha afya. Mtu hahitaji kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Tukumbuke pia kwamba wanafunzi wa Yesu walipowazuia watoto, yamkini wakiwaona ni usumbufu kwa kazi kubwa, Bwana hakupendezwa nao. Aliagiza waletwe karibu. Wala hatusomi kwamba aliwauliza kwanza kama wanajua kutulia.

7. DAFTARI LA SIKU SABA

Kabla ya kwenda kwa mwalimu au daktari, fanya zoezi hili. Kwa siku saba andika kila mara mtoto anaposhindwa kutulia: ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, na wewe ulifanya nini baadaye. Kama huandiki, mwombe mtoto wako mkubwa aandike. Siku ya saba msome pamoja. Mara nyingi utaona njia. Labda ni kila siku kabla ya chakula. Labda ni kila mara watu wanapokuwa wengi. Labda ni kila anapotaka umtazame, na hujamtazama mpaka avunje kitu. Daftari hilo litamsaidia mhudumu wa afya kuliko kumwambia tu, "Mtoto wangu ni msumbufu."

NA YULE MTOTO?

Nilimwomba mama yake msamaha, na nikamwomba amrudishe. Tulipokaa chini kuzungumza, bibi yake alisema jambo ambalo sikuwahi kuuliza: sikio lake la kulia lilikuwa likitoa maji kila masika tangu utotoni. Mama alimpeleka kituo cha afya, akatibiwa. Sikio lile halikurudi kuwa sawa na la pili. Nilikuwa nimemketisha nyuma, tena upande wa ukuta ambako sikio lake zima halikuelekea kwangu.

Nikamleta mbele. Nikampa kengele. Sitawadanganya kwamba aligeuka malaika. Wiki ya kwanza aliipiga kengele mara nyingi mpaka jirani wa kanisa akaja kulalamika. Aliendelea kupanda mabenchi. Lakini alianza kuitika, na mtoto anayeitika unaweza kumfundisha. Mwisho wa mwaka alijua kuandika jina lake. Sasa yuko shule ya msingi, na mama yake bado huja zamu kila Jumatano, akikaa karibu na watoto wa wengine.

Wapendwa, hatuna madaktari wengi, wala vitabu, wala vyumba vya kutosha. Lakini nafasi moja mbele, karibu na mwalimu, kila darasa linayo. Tusiiweke tupu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA VIKUNDI

1. Ni mtoto gani katika nyumba au ujirani wetu ambaye tumempa jina baya? Tutamwita nani kuanzia leo?
2. Kati ya sababu zilizotajwa katika sehemu ya pili, ni zipi ambazo hatujawahi kuzichunguza kwa mtoto wetu?
3. Tunapomwagiza mtoto, tunasimama wapi? Tunaagiza mambo mangapi kwa mara moja?
4. Mtoto wetu anasoma nini katika nyuso zetu jioni tunapozungumza habari za nyumbani?
5. Nani kati yetu anaweza kutoa saa mbili kwa juma kukaa zamu chekechea?

Zoezi la juma hili: chagua mtoto mmoja asiyetulia. Kila siku, kabla hujamkemea, msogelee hatua tatu, uinama, umwite jina. Tuelezane Jumapili ijayo tuliyoyaona.